Wimbi ni lile lile, maji ndo yamejaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi mtu wa Tanga ila nipo Birmingham mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila samaa joto likipanda kuna babu mmoja pale ananicheka, anasema nyie watoto hamjui joto, joto lilikuwa 1976, wiki na wiki, mabomba yakakauka na hakuna aliyesema dunia inaungua. Afu nikiingia kwenye simu nakuta watu wanasema ile rekodi ya nyuzi 40 ya 2022 ilipimwa kwenye kambi ya ndege za kivita, pembeni ya injini. Sasa mwalimu, babu yuko sahihi au ananipiga fiksi? Na wimbi moja la joto linathibitisha nini? La mwisho, vyumba vya wazee nivinunulie feni au feni haisaidii?

JIBU: Marahaba dada, pole na kazi, hiyo kazi ya wazee naiheshimu sana.

Nianze na babu. Babu hakupigi fiksi, tena mpe heshima yake, ile 1976 ilikuwa habari nyingine. Kuanzia 23 Juni mpaka 7 Julai, siku 15 mfululizo, kila siku kuna mahali England paligonga nyuzi 32.2 au zaidi. Hiyo 32.2 inaonekana namba ya ajabu ajabu lakini ukiigeuza Farenhaiti ni 90 kamili, na babu enzi hizo redio ilikuwa inamtangazia Farenhaiti, kwa hiyo akikwambia ilikuwa tisini kila siku usidhani anatia chumvi. Kilele kilikuwa Cheltenham tarehe 3 Julai, nyuzi 35.9. Na ukame wenyewe haukuanza mwaka ule, ulianza Mei 1975, winta ya katikati ikapita kavu, mpaka inafika Agosti 1976 Bunge likapitisha sheria maalum ya ukame na serikali ikateua waziri wa ukame kabisa, Denis Howell, na watu wanacheka mpaka leo maana siku chache tu baada ya kuteuliwa mvua ikashuka kama imetumwa. Kuna sehemu maji ya ndani yalifungwa watu wakapanga foleni na ndoo kwenye bomba la mtaani, kitu ambacho mimi na wewe tumekulia nacho ila kwa Mwingereza hiyo ni hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Kwa nini lilikuwa kali vile? Juu kulikuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa uliokaa Ulaya magharibi ukagoma kuondoka, mawingu hayapiti, mvua haipiti, jua linapiga tu. Ila nusu ya siri ilikuwa chini, kwenye udongo. Chukua mtungi wa maji wa bibi. Mtungi unatoa jasho, maji yanapenya kidogo kidogo mpaka nje yanageuka mvuke na ule mvuke unaondoka na joto, ndo maana maji ya mtungini yanakuwa baridi hata mchana wa Februari. Ardhi yenye unyevu iko hivyo hivyo, jua likipiga, sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kukausha maji kabla haijapasha hewa. Sasa udongo uliokauka toka mwaka jana una nini cha kukausha? Huo ni mtungi mtu kaupaka rangi ya mafuta, hautoi jasho tena, nguvu yote ya jua inakwenda moja kwa moja kwenye hewa unayovuta. Wamarekani nao wana 1976 yao, wanaiita 1936, ile miaka ya vumbi, mji wa Steele kule North Dakota ulifika nyuzi 49.4 tarehe 6 Julai 1936, na pale pia mkono wa udongo mkavu, tena uliolimwa ovyo, ulikuwepo. Kwa hiyo joto kali la zamani lipo na hakuna mtaalamu wa maana anayelikataa.

Ila babu alikuwa amesimama Uingereza. Ukichukua ramani ya joto la dunia ya Juni 1976 unaona doa jekundu limekaa juu ya Uingereza na Ufaransa na majirani zao, afu kwingine kwingi ni bluu au kawaida tu, Urusi ya magharibi huko walikuwa wanasikia baridi. Na kuna kitu ambacho kila nikikisema darasani watu wanakaa kimya kidogo: kwa hesabu za NOAA, lile shirika la Marekani la bahari na anga, mwaka 1976 ndo mwaka wa mwisho ambao wastani wa joto la dunia nzima ulikuwa CHINI ya wastani wa karne ya 20. Wa mwisho kabisa. Huo huo mwaka wa babu. Toka hapo kila mwaka umekuwa juu, yaani mtu aliyezaliwa 1977, ambaye leo ana wajukuu, hajawahi kuuona mwaka wa dunia iliyopoa. Babu alikuwa jikoni pembeni ya jiko wakati nyumba nzima ina ubaridi, anakumbuka moto wa jiko, na kumbukumbu yake ni ya kweli, sema haikuhusu nyumba nzima.

Sasa wewe ni wa Tanga, hili sihitaji kukueleza sana. Wimbi linaletwa na upepo. Wimbi la urefu ule ule likija maji yamekupwa linafia kule mbali kwenye mikoko hakuna anayelijua, likija wakati wa maji mafu litatikisa ngalawa kidogo basi, ila likija siku ya bamvu, maji yamejaa mpaka ukutani, linaruka ukuta linaingia barazani kwa watu na kubeba viatu. Upepo ni ule ule na wimbi ni lile lile. Joto kali la Ulaya ndo wimbi, linaletwa na mgandamizo uliogoma, au na hewa moto inayovutwa toka Hispania na Sahara, na mambo hayo yalikuwepo kabla babu hajazaliwa na babu yake pia. Kilichobadilika ni kina cha maji, yaani joto la wastani la dunia. Mwaka 1976 pale Mauna Loa, Hawaii, wanakopima hewa ukaa, zilikuwa kama sehemu 332 katika milioni, mwaka 2022 zilikuwa 418. Hiyo ndo inayojaza maji, na tofauti na bahari ya Tanga hii haipwi ikifika jioni.

(Mfano wangu una kasoro na nisingependa mtu aje kunishika shati. Kwa Ulaya magharibi na mawimbi yenyewe yamebadilika, joto kali limekuwa likiongezeka haraka kuliko sehemu nyingine zilizo kwenye latitudo kama zile, na sababu zinazotajwa ni jinsi ule mkondo wa upepo wa juu unavyogawanyika na kukaa hivyo hivyo kwa siku nyingi, na pia moshi wa viwanda kupungua toka miaka ya 80, hewa safi inapitisha jua zaidi. Lakini sehemu kubwa ya hadithi bado ni maji kujaa.)

Haya, tuje 2022. Tarehe 19 Julai kituo cha Coningsby, Lincolnshire, kilisoma nyuzi 40.3, mara ya kwanza Uingereza kuvuka 40. Siku ile ile moto wa nyasi uliingia kijiji cha Wennington pembezoni mwa London ukala nyumba za watu. Ilikuwa siku mbili tu kali kweli kweli, 18 na 19, ndo maana babu haihesabu, yeye anapima joto kwa wiki. Sasa ile habari ya ndege za kivita. Ni kweli Coningsby ni kambi ya jeshi la anga, wala hakuna aliyeficha. Lakini siku ile vituo 46 vilifikia au kuvuka rekodi ya zamani ya 38.7. Arobaini na sita! St James's Park katikati ya London ilisoma 40.2, na Kew Gardens ilisoma 40.1, sasa Kew Gardens kuna ndege gani ya kivita, pale kuna miti na watalii wenye kofia. Ukiifuta Coningsby kabisa kwenye daftari bado vituo 45 vimeifikia au kuivunja rekodi siku hiyo hiyo. Mtu anayekuletea hoja ya injini muulize hivyo tu, afu umwangalie.

Na kwa sababu watu wengi hawajawahi kuona joto linapimwaje niseme kidogo, maana mi ndo kazi niliyoanzia, kituo cha Dodoma, kijana wa miaka ishirini na tatu na koti la kuazima. Kile kibanda kinafanana na banda la njiwa, cheupe, kimenyanyuliwa kwa miguu, kuta zake ni vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari ili upepo upite na jua lisiingie. Aliyekibuni anaitwa Thomas Stevenson, Mskochi aliyekuwa mhandisi wa minara ya taa, na kinabeba jina lake mpaka leo. Hukiweki kwenye lami wala pembeni ya ukuta, ni juu ya nyasi, na kipimajoto kwa Uingereza kinakaa mita 1.25 toka chini. Ukifungua mlango unabana pumzi. Kweli, unabana pumzi, maana pumzi yako na mwili wako vinapasha kipimajoto wakati unakitazama, kwa hiyo tulifundishwa kusoma kwanza ile desimali, kwa kuwa ndo inayokimbia, afu ndo usome nyuzi kamili, na jicho liwe sawa sawa na zebaki, ukiangalia kwa juu umeiba nusu digrii. Cha joto la juu unakikung'uta kama manesi wa zamani walivyokuwa wanakung'uta kile cha homa, cha joto la chini unakiinamisha taratibu mpaka kijiti cheusi ndani yake kirudi kwenye ncha ya spiriti. Afu unaandika, kwa kalamu ya risasi, na ukikosea unakata mstari mmoja huruhusiwi kufuta, mkuu wangu wa kituo alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye kuchelewa. Siku hizi ni umeme, vituo vinajituma vyenyewe, lakini masharti ya kibanda ni yale yale.

Nimeeleza hayo sababu wanaobisha wana hoja moja inayostahili jibu, wanasema "mbona nyie wataalamu mnafuta joto la zamani?" Na kweli kuna yaliyofutwa. Tarehe 9 Agosti 1911 Greenwich waliandika 100 Farenhaiti kamili, nyuzi 37.8, na haihesabiki. Haihesabiki kwa sababu kipimajoto kilikuwa kwenye stendi ya kizamani ya Glaisher, iliyo wazi mbele, inayokula joto linalorudi toka ardhini, na walipoziweka stendi na kibanda pamoja siku za jua kali stendi ilikuwa inasoma juu. Kwa hiyo rekodi ya siku ile ikabaki kwa waliopima kibandani, Raunds kule Northamptonshire, 36.7. Ukiamua kuirudisha ile 37.8 basi irudishe, bado 2003, 2019 na 2022 zote zimeipita.

Sasa hapa ndo naomba utulie kidogo maana ndo kiini cha swali lako, namna ya kuangalia rekodi. Zipange hivi: 36.7 mwaka 1911. Ikakaa miaka 79 bila kuguswa, vita mbili zikapita, mpaka Cheltenham 3 Agosti 1990, 37.1. Miaka 13 baadaye, 10 Agosti 2003, Faversham, 38.5. Miaka 16, Cambridge kwenye bustani ya mimea, 25 Julai 2019, 38.7. Miaka 3, Coningsby, 40.3. Umbali umefupika sana ukilinganisha na ile miaka 79, na hiyo si kawaida ya rekodi. Simama mlangoni pa msikiti Ijumaa na daftari, andika kila anapopita mtu mrefu kuliko wote waliotangulia. Wa kwanza ni rekodi kwa lazima. Wa pili nafasi yake ni nusu kwa nusu, wa tatu theluthi, wa mia ana nafasi moja kwa mia. Ukijumlisha nusu na theluthi na robo na kuendelea, watu mia wanakupa rekodi kama tano tu, tena nyingi zinatokea mwanzo mwanzo, huku mwishoni unakaa unapiga mwayo. Sasa ukiona baada ya saa nzima warefu wapya wameanza kupita mmoja baada ya mwingine, funga daftari kachungulie nje, kuna basi la timu ya mpira wa kikapu limepaki. Daftari la hali ya hewa ni hivyo, kama hakuna kinachobadilika rekodi mpya zinapaswa kuwa adimu kadri daftari linavyozeeka, na za joto ziende sawa na za baridi. Marekani waliwahi kuhesabu kituo kwa kituo, miaka ya 1950 rekodi za siku za joto na za baridi zilikuwa karibu sawa kwa sawa, muongo wa kwanza wa 2000 za joto zikawa kama mbili kwa kila moja ya baridi.

Tena kuna mwaka ambao mimi naona unasema mengi kuliko hata 2022, na watu wameshausahau: 2025. Wewe ulikuwepo. Hakukuwa na kioja, siku ya joto kubwa ilikuwa 1 Julai, Faversham tena, 35.8, yaani CHINI ya kilele cha babu cha 35.9 kwa sehemu moja ya kumi. Babu akiisikia hiyo atacheka. Lakini wastani wa kiangazi kizima kwa Uingereza yote, Juni mpaka Agosti, usiku na mchana, ulikuwa 16.10, wa kwanza toka hesabu hizo zianze 1884. Ona walioshindwa: 2018 ni 15.76, 2006 ni 15.75, 2003 ni 15.74, 2022 ni 15.71, na 1976 ya babu ni 15.70. Watano wamebanana kama abiria wa daladala, afu 2025 amekaa peke yake siti ya mbele. 1976 ikasukumwa nje ya tano bora, waliobaki wote ni wa baada ya 2000. Mwaka 1976 ilihitajika mwaka mzima wa ukame na mgandamizo wa ajabu kufika 15.70. Siku hizi kiangazi kinaifikia namba hiyo bila watu kukitungia hadithi.

Ila babu anaweza kukwambia 1884 ni juzi. Sawa, England ina daftari refu kuliko yote duniani ya kipimajoto, la katikati ya England, kama pembetatu ya Lancashire, London na Bristol, linaanza 1659. Aliyeliunga ni Gordon Manley, mtu aliyetumia miaka na miaka kuokota shajara za mapadri na madaktari na matajiri wenye vipimajoto, akiulinganisha mwandiko wa huyu na wa yule. Vipimo vya mwanzo si vya kuapia, vingine vilichukuliwa ndani ya chumba kisichowashwa moto, kwa hiyo ukitaka wastani wa mwezi vinafaa ila usivitumie kutafuta siku moja kali. Humo kiangazi cha 1725 wastani ulikuwa 13.1 tu, hicho ndo cha baridi kuliko vyote, na 1826 kilifika 17.6 kikakaa kileleni miaka 150, mpaka nani akakitoa? 1976. Mpelekee babu hiyo, atalala vizuri.

Ukitaka nyuma zaidi vipimajoto vimekwisha, unauliza vitu vingine. Mimi niliyefanya kazi Dodoma zabibu nazijua, pale kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, ila kule Beaune, Ufaransa, ni mara moja na tarehe inategemea joto la miezi iliyotangulia, na wenyewe wameandika tarehe ya kuanza kuvuna toka 1354. Miaka 664 ya tarehe mpaka 2018! Mpaka 1987 wastani ulikuwa 28 Septemba. Kuanzia 1988 wanavuna siku 13 mapema. Zamani miaka ya mapema ilikuwepo, mmoja mmoja, ikitokea kizee wa kijiji anaisimulia kama babu yako, sasa hivi mapema ndo kawaida. Na pete za miti, ambazo kila moja ni mwaka, zimesomwa miaka 2,000 nyuma kwa nchi za kaskazini mbali na tropiki, kiangazi cha 2023 kikaonekana kuvizidi vyote, na cha baridi kuliko vyote kikawa cha mwaka 536, baada ya volkano kutia dunia moshi.

Kwa hiyo wimbi moja linathibitisha nini? Likiwa peke yake, karibu na hakuna. Ukiona kiatu kimoja kimechukuliwa na maji barazani huwezi kusema bahari imejaa, labda upepo tu. Wanachofanya wataalamu siku hizi, kundi la World Weather Attribution ndo maarufu, ni kuchukua lile wimbi na kuuliza lingetokea mara ngapi kwenye dunia ya bila hii hewa ukaa ya ziada, na mara ngapi kwenye dunia yetu, wanalinganisha vipimo na kompyuta. Kwa zile siku mbili za Julai 2022 jibu lilikuwa uwezekano umeongezeka angalau mara 10. Kwa kiangazi cha 2025 Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walisema uwezekano umeongezeka mara 70, yaani kiangazi kama kile kwenye hali ya asili kingekuja mara moja kila miaka 340, sasa ni kama mara moja kila miaka 5. Miaka mitano, dada. Kwa mkataba wako wa kazi utakiona kingine.

Sasa feni. Najua wewe mtu wa Tanga unajiuliza nyuzi 33 ni nini mpaka mtu afe, sisi tunalala nazo. Lakini nyumba zao zimejengwa kufungia joto ndani, hazina dari refu wala madirisha mawili yanayotazamana, na mzee wa miaka 85 mwenye dawa za presha na za kukojoza mwili wake hautoi jasho vizuri, amekuwa mtungi wa rangi. Kiangazi cha 2022 England walihesabu vifo vya ziada kama 2,800 vya watu wa miaka 65 na kuendelea kwenye vipindi vya joto. Na adui mkubwa ni usiku, maana mwili unapumzika usiku. Usiku wa kuamkia 19 Julai kuna vituo havikushuka chini ya 25, wakati rekodi ya zamani ilikuwa 23.9, Brighton, 1990. Ndugu zetu wa Oman watatucheka hapo, pale Quriyat tarehe 26 Juni 2018 saa 24 nzima joto halikushuka chini ya 42.6, ila wao wana viyoyozi na wazee wako hawana.

Feni inasaidia mpaka chumba kikifika nyuzi 35 hivi, hapo hewa imekuwa moto kuliko ngozi na feni inakupepea na mvuke wa jiko, bora kitambaa cha maji shingoni na mikononi, maji ya kunywa bila kusubiri aombe, mapazia yafungwe mchana upande wa jua na madirisha yafunguliwe usiku nje kukipoa. Kwa hiyo kabla ya feni nunua kipimajoto cha chumba, cha bei ndogo tu, kitundike ukuta usiopigwa na jua, mbali na dirisha na TV, usawa wa kichwa cha mzee akiwa kitandani, maana yeye hajasimama. Soma saa tisa alasiri na saa tano usiku, andika kwenye daftari, na siku mkikihamishia chumba kingine andika mmekihamishia wapi, usije mwakani ukanambia chumba cha babu kimepoa kumbe kipimajoto kipo koridoni.